Usinifomatie Kompyuta

Kuna neno moja linalotawala biashara ya kompyuta katika mji wetu wa Eldoret, na neno hilo ni fomati. Gemu ikizima katikati, fomati. Mashine ikiwa pole, fomati. Ikikataa kuwaka kabisa, fundi atahangaika nayo mpaka iwake, ili naye apate nafasi ya kuifomati. Nimelisikia kwenye ngazi za majengo ya Barabara ya Uganda na kwenye vibanda vya Oginga Odinga, na nimelisikia likitamkwa na vijana waliotoka chuo juzi kwa sauti ya daktari bingwa. Nami nasema, nikiwa na hasira ambayo imekataa kupoa: kufomati mashine kabla ya kuiuliza ina nini si ufundi. Ni kuchoma faili ya mgonjwa kisha kumwandikia dawa.

Naishi West Indies. Wewe wa mbali usifikirie kriketi na bahari ya Karibi, huu ni mtaa wa hapa hapa Eldoret, wa ploti, mageti ya mabati na watoto wanaojua namba ya kila boda. Ndani ya ploti yetu, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi, kuna kompyuta yangu. Ni ya mezani, ex-UK, ilifanya kazi ofisini huko Uingereza kabla ya kuja kustaafu kwangu. Prosesa ni i5 ya kizazi cha nne, pawa saplai ni ya wati 240, na ubavuni bado ina kibandiko cha mali ya shule fulani ambayo sitawahi kuiona. Mchana huandika manukuu ya mahojiano ya watu wa ng'ambo kwa malipo. Kazi ikiisha, au ikikosekana, ambayo ndiyo hali ya kawaida, naendesha lori.

Gemu yenyewe ni Euro Truck Simulator 2, ya mwaka 2012, kutoka kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki. Unabeba mzigo kutoka mji mmoja wa Ulaya hadi mwingine, unaheshimu taa, unalala ukichoka. Watu hunicheka. Wanasema lori si yanapita hapa nje, kutoka Mombasa hadi Malaba, usiku na mchana, kwa nini ukae ndani ukiendesha la uongo? Jibu langu ni kwamba la nje sina leseni yake. Na jibu la pili, ambalo huwa silitoi, ni kwamba baba alikuwa dereva wa hiyo barabara ya nje, na mimi nikishika usukani wa uongo saa nne usiku huwa naelewa kwa nini alikuwa hataki kuongea akirudi nyumbani.

Februari 2024 gemu ilianza kuzima. Nikiwa barabarani, tani 20 za jibini mgongoni, skrini inakuwa nyeusi, feni zinanyamaza, kisha mashine inajiwasha yenyewe kama mtu aliyesinzia kanisani na kushtuka. Mara moja kwa siku. Halafu mara mbili. Nilifanya yale ambayo kila mtu hufanya: nilisafisha vumbi, nikabadilisha draiva ya kadi ya grafiki, nikalaumu gemu.

Machi nilikuwa Kapsabet siku nne kwa kazi ya muda. Mama, kwa upendo, akaona anisaidie. Akaibeba ile mashine kwa boda hadi kwa fundi mjini. Jina la duka silitaji, kwa sababu duka hilo ni maduka yote. Fundi aliiwasha, akaitazama kwa dakika mbili, akasema, "Mathe, hii Windows imechoka. Huyu kijana anaweka gemu nzito, gemu huleta virusi. Tunapiga fomati inarudi kama mpya. Thao moja tu." Kisha akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa la kutimiza wajibu: "Kuna vitu zenu ziko D?" Mama hajui D ni nini. Mama akajibu, "Sawa tu."

Kulikuwa na vitu D.

Desemba 2022 tulienda upande wa Keiyo kumwona kogo, mamake mama. Alikuwa amedhoofika lakini mdomo ulikuwa mzima. Mama alimrekodi kwa simu, zaidi ya dakika arubaini kwa vipande vitano: jinsi alivyoolewa, njaa waliyoipita, safari yake ya kwanza kuja mji huu aliokuwa bado akiuita Sisibo, jina la wazee lililotokana na shamba namba 64, na wimbo wa kubembeleza mtoto ambao mama alidhani ameusahau. Simu ilipojaa, mimi ndiye niliyehamishia sauti zile kwenye kompyuta, D, folda iliyoandikwa KOGO. Mwaka uliofuata kogo akafariki. Mama alikuwa na mpango wa kuzisikiliza akipata nguvu. Hakuwahi.

Niliporudi nilikuta mashine inang'aa. Fundi alikuwa mkarimu, tena mkarimu kupita kiasi: baada ya kufomati diski nzima alitujazia filamu kama zawadi. Za Kihindi, za Kikorea, za mapigano. Mwenye kujua diski ataelewa kwa nini nilikaa chini. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu papo hapo; kunafuta orodha tu, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilikesha usiku mbili na PhotoRec, programu ya bure inayopekua diski kipande kwa kipande ikitafuta faili zilizopotea orodha. Ilinirudishia picha za harusi ya binamu, risiti na nusu ya CV yangu. Mahali alipokuwa kogo palikuwa na filamu.

Na siku ya tatu, nikiwa na jibini tena, gemu ikazima vilevile.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza, na naomba nieleweke. Sisemi kufomati ni dhambi. Windows ikiharibika faili zake za ndani, au ikiingiwa na virusi vya kweli, kuisafisha na kuanza upya ni dawa halali, wakati mwingine ndiyo ya haraka zaidi. Ninachokataa ni dawa inayotangulia swali. Maana mashine ya kisasa haifi kimyakimya kama kuku. Inaandika. Kila Windows ina kitu kinachoitwa Event Viewer, daftari la matukio, na ndani yake mna saa, dakika na sekunde ya kila kilichokwenda kombo. Fundi anayefomati kabla ya kulifungua anaua shahidi, halafu anatuambia kesi imekwisha.

Na mashahidi hawa hawasemi lugha moja. Gemu ikijifunga yenyewe na kukurudisha kwenye skrini ya kawaida, huku muziki wako unaendelea kucheza nyuma, hilo ni jambo moja: daftari litakutajia programu iliyoanguka na mara nyingi faili iliyoanguka nayo, na wewe utashuku faili za gemu, draiva au memori. Skrini ya bluu ni jambo la pili: Windows imeona hatari, ikajisimamisha, na kabla ya kufa imejaribu kuacha wosia kwenye folda ya Minidump. Skrini ikiganda sekunde chache kisha ikarudi, huenda kadi ya grafiki ilichelewa kujibu ikapigwa kofi na mfumo. Kwa kawaida inapewa sekunde mbili. Lakini mashine inapozimika kama mshumaa, bila bluu, bila wosia, basi kitu pekee utakachokuta ni Kernel-Power 41, ambayo tafsiri yake ya mtaani ni: niliamka nikakuta nimelala, sijui nani alinizima. Ukifungua ndani na kukuta namba ya kosa ni sifuri, maana yake mara nyingi Windows haikupata hata muda wa kujua inakufa. Mtu wa namna hiyo humpi dawa ya minyoo. Unauliza kuhusu stima, au joto, au ile pawa saplai.

Yangu ilikuwa 41, namba sifuri, kila mara. Euro Truck nayo ina daftari lake, faili inayoitwa game.log.txt, na ikianguka kwa kosa lake yenyewe huacha nyingine iitwayo game.crash.txt. Sikuwahi kuikuta hiyo ya pili. Gemu haikujua kwamba imekufa. Kwa hiyo yale mahubiri ya kwamba "ni hizo gemu" yalikuwa yamejibiwa na mashine yenyewe. Na yangejibiwa hata kabla ya Machi kama kuna mtu angesoma, kwa sababu rekodi za Februari zote zilikuwemo. Nazo zilifutwa pamoja na kogo.

Nilinunua daftari la shule, la kurasa 96. Hapa kwetu hili si jambo geni. Nenda Iten uone makocha: wana saa mkononi na kitabu kwapani. Mkimbiaji akikata moto kilomita ya 35 hakuna kocha anayesema tumbadilishe miguu. Wanauliza alilala saa ngapi, alikula nini, kilomita ya 20 alipita kwa muda gani, jana alikimbia nini. Tumejenga sifa ya dunia nzima kwa kuuliza maswali ya namna hiyo kuhusu mapafu na ndama za miguu, halafu tukifika kwa kompyuta tunakuwa waganga wa kupiga ramli.

Nikaandika: tarehe, saa, nilikuwa wapi kwenye gemu, joto la prosesa. Joto nililisoma kwa HWiNFO, ya bure pia. Lilikuwa likicheza kwenye sabini na kitu, na prosesa hizi hufika karibu na mia ndipo zijitetee, tena kwa kupunguza mwendo kwanza. Hapo joto likatoka kwenye orodha ya washukiwa. Memori niliipima usiku kucha kwa MemTest86, haikutoa kosa hata moja. Wiki nne, mashine ilizimika mara 17. Mara mbili zilikuwa usiku, na hizo mbili hazikuwa na siri: stima ilipotea mtaa mzima, na watoto wakapiga mbinja. Zilizobaki 15 zote zilikuwa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Na hakuna hata moja iliyotokea Jumamosi.

Nililala na hilo kwa siku mbili. Jumapili inazima, Jumatatu inazima, Jumamosi haizimi. Nikafikiri labda Jumamosi nacheza kidogo. Daftari likakataa, Jumamosi ndiyo nacheza zaidi. Nikafikiri labda wapangaji hawapo. Wapo, wote, na pasi na jiko za stima. Ni mama aliyenipa jibu bila kujua. Alikuwa anaosha vyombo Jumamosi asubuhi akasema, "Leo hata masikio yamepumzika." Mzee wa kuchomelea, upande wa pili wa ukuta wetu, ni Msabato. Siku sita anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya shule. Ya saba amevaa suti.

Sasa, mashine ya kuchomelea inapogusa chuma hunyonya umeme mwingi kwa mpigo, na mkiwa mmeungana kwenye waya mmoja mwembamba, volti kwenu hushuka kwa kitambo kidogo sana. Taa hukonyeza, nawe unazoea. Pawa saplai nzima ya kompyuta imeundwa kuvumilia pengo la takriban milisekunde 16. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa herzi 50 ni milisekunde 20. Kwa hiyo hata ikiwa mpya haina akiba kubwa. Ikiwa imetumika miaka kumi ofisini Uingereza, kapasita zake zimechoka, akiba hiyo inapungua zaidi. Ukiandika barua, mashine inakula kidogo na ile akiba inatosha. Ukiwasha lori, prosesa inakaza, kadi ya grafiki nayo inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kupitia bodi, akiba inaisha kabla volti hazijarudi, giza. Ndiyo maana mama akikaa kwenye kompyuta hiyo hiyo mchana kutwa akitazama mahubiri haizimi, na mimi nikikaa inazima, na ndiyo maana ilionekana wazi kabisa kwa kila mwenye macho kwamba tatizo ni gemu.

Nilikwenda kwa mzee. Nilimwamkia, nikamweleza, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuku wake wamekula gari. Lakini alikubali. Nilichomeka kidude cha kuonyesha volti ukutani, nikawasha gemu, nikampigia simu. "Mzee, choma." Namba zikaruka kutoka 230 na kitu hadi chini ya 200, mashine ikabaki. "Choma tena." Ikabaki. Mara ya nne, giza. Tukarudia bila gemu, mara kumi, haikuzima hata mara moja. Kisha nikaazima pawa saplai ya rafiki yangu wa Langas, ambayo plagi zake hazikuingia kwenye bodi yangu mpaka nilipopata kiunganishi, na tukarudia tena na gemu ikiwa wazi. Mzee alichoma hadi akaniambia elektrodi zake si za bure. Mashine ilikaa imara.

Gharama yote, pawa saplai ya mitumba yenye nguvu zaidi na kiunganishi chake, haikufika mara mbili ya ile thao ya fomati. Mwenye ploti naye niliambiwa atazungumza na fundi wa stima kuhusu ule waya. Bado anazungumza.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu nataka uone kitu. Hapakuwa na mkosaji mmoja. Mzee peke yake hakuizima mashine. Pawa saplai kuukuu peke yake isingeizima, wala gemu peke yake. Ilihitaji watatu. Na fundi wa fomati, hata angefomati mara mia, asingekutana na hata mmoja wao, kwa sababu hakuna aliyekuwa ndani ya diski. Ndani ya diski alikuwemo kogo peke yake.

Tabia hii ya kurukia mkosaji wa kwanza si ya vibandani tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme kutoka mradi wa upepo wa Turkana. Wenye mradi wakajibu kwamba wao walilazimika kujitoa kwa sababu volti kwenye gridi zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Sisi huku tulichagua upande kwa jinsi tunavyochagua timu. Wachache waliuliza lile la maana: kipi kilitangulia, kwa sekunde ngapi, na nani ana rekodi?

Wala si Waafrika tu, kabla hujaniambia tuna laana. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, mashine za bei ya pikipiki, waliteseka miezi mingi na gemu zinazoanguka. Baadhi ya gemu zilikuwa zinaandika kwamba memori ya kadi ya grafiki imekwisha, na watu wakabadilisha kadi, wakabadilisha draiva, wakafomati, wakatukana waliotengeneza gemu. Memori ya kadi haikuwa na kosa. Julai 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikipewa volti za juu kupita kiasi, ikatoa marekebisho na baadaye kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Waliosaidia ukweli kutoka ni wachezaji na wajenzi wa gemu walioweka kumbukumbu, tarehe na namba, wakakataa kuambiwa ni bahati mbaya. Watu wanaoitwa wavivu.

Na upande wa pili uko pia, siukatai. Desemba 2020 Cyberpunk 2077 ilitoka ikiwa imejaa kasoro hadi Sony ikaiondoa kwenye duka lake. Mwaka 2015 Batman: Arkham Knight ya kompyuta ilisimamishwa kuuzwa siku chache tu baada ya kutoka. Kuna wakati gemu ndiyo mkosaji na hata ukiwa na mashine ya mfalme itaanguka. Nami sijasema gemu ni malaika. Nimesema, uliza.

Najua fundi atanijibu nini, kwa sababu nilimrudia. Sikwenda kupigana. Nilikwenda na daftari. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea, akapitisha kidole kwenye zile Jumamosi, akacheka kwa mshangao wa kweli. Kisha akasema: "Boss, hii umefanya ni poa. Lakini mteja akikuja hapa nimwambie nataka wiki nne na daftari, atalipa? Mimi nalipa rent ya hii meza kila siku. Watu hulipa ukifanya kitu. Ukiuliza maswali wanasema hujui kazi."

Hilo lilinichoma kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Sisi wateja ndio tunaonunua fomati. Tunataka kuona mtu anabonyeza na mistari inajaa kwenye skrini. Fundi akikaa nusu saa anasoma daftari la matukio tunaangalia saa na kunong'ona kwamba huyu amekwama. Hospitalini tunalipia kumwona daktari hata akisema huna kitu. Kwa makanika tunaanza kulipia mashine ya kusoma makosa ya gari. Kwa kompyuta tunalipia kufutwa tu. Basi mimi natangaza hapa: nitalipa kuulizwa. Fundi wa kwanza Eldoret atakayeandika ubaoni kwamba anapima kwanza kwa mia tano, na kwamba hafuti kitu kabla hujamwonyesha kwa kidole kilicho D, nitampelekea mtaa mzima.

Lakini fundi huyo hanitoi kwenye hoja yangu. Kukosa muda wa kuchunguza ni jambo moja. Kumwambia mama wa watu kwamba mwanawe ameleta virusi kwa gemu, bila kufungua hata faili moja, ni jambo jingine. La kwanza ni umaskini. La pili ni uongo uliovaa koti la utaalamu, na uongo huo hukaa ndani ya nyumba muda mrefu baada ya koti kurudi mjini.

Na mimi je? Nilikuwa na flashi ya gigabaiti 32 kwenye droo, tupu, miezi kumi na tano yote ambayo folda ile ilikaa D. Ninajua zaidi ya mama, zaidi ya wapangaji wote, kwamba kitu kilicho mahali pamoja hakipo popote. Sikukinakili kwa sababu nilikuwa nitakinakili kesho. Nimeandika hilo pia kwenye daftari, ingawa halina saa.

Wale wa "si ununue tu mpya" nawapita haraka. Tangu Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na prosesa kama yangu haimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Najua. Nikipata za kununua mpya nitanunua, nayo siku moja itazima, na tutarudi palepale: wewe na fundi mezani, na mashine katikati inayotaka kusema kitu.

Kinachonirudisha kwenye haya yote ni mama. Hadi leo anaamini gemu ndizo zilizofuta sauti ya mamake. Haniambii kwa ukali. Husema tu, wageni wakiuliza, "Zilikuwa kwa kompyuta, lakini huyu na gemu zake." Nimemweleza D ni nini. Nimemweleza mzee, waya, kapasita. Anasikiliza kama anayesikiliza habari za nchi nyingine. Kwa muda mrefu nilidhani haelewi. Siku hizi nashuku anaelewa vizuri kabisa, na kwamba akikubali si gemu, atabaki na lile "sawa tu" lake pale mezani mjini. Sitaki kumnyang'anya gemu za kulaumu kama hicho ndicho kitakachobaki. Lakini pia siwezi kuandika uongo kwa sababu unampumzisha, ndiyo maana naandika huku, ambako yeye hasomi.

Wiki jana alinikuta nimelifungua lile daftari akalichukua. Aligeuza kurasa taratibu, akasoma saa na tarehe na zile Jumamosi zilizo wazi. Akauliza, "Na kogo yuko ukurasa gani?"

Nikamwambia hayuko. Ukurasa wa kwanza ni wa Machi, siku tatu baada ya fomati.